UCHAMBUZI: Risasi ikigoma kulipuka, kosa ni la bastola au la fataki?

MLIO mkavu wa chuma kugonga chuma, bila mshindo wa baruti, ni sauti ambayo kila mwenye bastola huomba asiisikie siku ya hatari. Kidole kimevuta kifyatuo, nyundo imeanguka, lakini risasi imegoma. Anayekabiliana na jambazi umbali wa hatua tano hana nafasi ya kuuliza maswali. Maswali huja baadaye, ikiwa amesalia mtu wa kuyauliza.

Na yanapokuja, aghalabu jibu huwa limekwisha kuandaliwa: risasi ilikuwa mbovu. Mara nyingine lawama humwangukia afisa mwenyewe, kwamba hakuisafisha silaha yake. Ni nadra kusikia kwamba mtu aliiokota ile risasi iliyogoma, akakitazama kitako chake na kukilinganisha na vya risasi nyingine. Ilhali risasi hiyo ndiyo shahidi wa pekee aliyekuwa ndani ya chemba wakati nyundo ilipoanguka.

Hili si suala la mafundi pekee. Kenya inajitengenezea risasi mjini Eldoret, katika kiwanda cha Kenya Ordnance Factories Corporation kilichoanzishwa katika miaka ya tisini kwa ushirikiano na kampuni ya FN ya Ubelgiji. Mnamo Aprili 2021, Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais wakati huo, alifungua kiwanda cha bunduki mjini Ruiru kilichoelezwa kuwa na uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Nchi inayojiundia silaha na risasi haiwezi kumtupia lawama muuzaji wa ng'ambo kila mara kitu kinapoharibika. Inalazimika kujua kilichoharibika ni nini hasa.

Ili kulielewa tatizo, yafaa tuipasue risasi yenyewe. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba, baruti iliyomo ndani ya ganda hilo, kichwa kinachotoka na kwenda kumpata mlengwa, na fataki iliyopachikwa katikati ya kitako. Wazee waliowahi kutumia gobori watalikumbuka neno hili fataki kabla halijahamia kwenye vile vimulimuli vya mkesha wa mwaka mpya. Fataki ni kikombe kidogo cha chuma laini chenye chembe za kemikali zinazolipuka zinaposagwa ghafla kati ya kikombe hicho na fuawe ndogo iliyo nyuma yake. Mwali wake huingia ndani ya ganda kupitia tundu na kuiwasha baruti.

Kinachoisaga fataki ni pini. Katika baadhi ya bastola, pini hugongwa na nyundo iliyo nyuma. Katika nyingine, kama vile Glock, pini yenyewe hurushwa mbele na springi. Vyovyote iwavyo, fataki haitaki nguvu tu, inataka nguvu ya ghafla. Pini ikisukumwa polepole inaweza kukibonyeza kikombe bila kuwasha chochote. Hii ndiyo sababu bastola inaweza kuacha alama kwenye fataki na bado risasi isilipuke. Alama si ushahidi kwamba pini ilifanya kazi yake ipasavyo. Ni ushahidi tu kwamba ilifika.

Bastola ndogo zinazofichika kiunoni ndizo zenye kukumbwa zaidi na kasoro hii, na sababu zake si za kishirikina. Katika umbo fupi, nyundo huwa nyepesi na safari ya pini huwa fupi. Springi inayokirudisha kitelezi mbele hubanwa katika nafasi finyu, hivyo huchoka mapema kuliko ya bastola kubwa. Isitoshe, silaha hii hubebwa mwilini kutwa kucha. Jasho, vumbi na nyuzi za nguo huingia mahali ambapo mwenyewe hapaoni. Anayeishi Mombasa au Lamu anaongezewa unyevu na chumvi ya bahari.

Kisha kuna kosa la watu wenye nia njema, nalo ni mafuta. Wengi wameaminishwa kwamba silaha inayometameta kwa mafuta ndiyo iliyotunzwa. Lakini mfereji ambamo pini hupita unapaswa kuwa mkavu. Mafuta yakimiminwa humo hunasa masizi na vipande vidogo vya shaba, yakageuka uji mzito unaoipunguzia pini kasi. Mwenye bastola huipangusa kwa nje kila Jumapili, ing'are kama kioo, kumbe ndani pini inatembea kwenye tope.

Kosa jingine hufanywa na wanaotaka kifyatuo chepesi. Springi ya nyundo hubadilishwa kwa iliyo dhaifu zaidi ili kidole kisihangaike. Raha hiyo ina gharama. Springi ile ile inayomchosha mwenye bastola ndiyo inayoipa nyundo nguvu ya kugonga.

Kuna na hali ambayo huwakanganya hata mafundi wazoefu. Kitelezi kisipofunga kikamilifu, labda kwa sababu ya uchafu chembani au springi iliyolegea, sehemu ya nguvu ya pigo hupotea katika kukisukuma kitelezi mbele. Fataki hupata masazo. Mtu akitazama kibonyeo kifupi kilichobaki atahukumu kwamba pini ni mbovu, kumbe pini haina hatia yoyote.

Tugeukie upande wa pili wa kesi hii, kwani risasi nayo ina dhambi zake. Fataki iliyopachikwa kiwandani bila kuzama hadi chini hulibeba pigo la kwanza kwa kurudi nyuma badala ya kulipuka. Fataki iliyopata unyevu au iliyopenyezwa mafuta hufa kimya. Zipo pia fataki ngumu kwa makusudi. Risasi za milimita 9 zilizobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20 zimetumiwa kwa miongo mingi katika bastola na vilevile katika bunduki ndogo za rashasha. Baadhi ya rashasha hizo hugonga fataki kwa uzito wa chuma kikubwa kinachokuja kwa kasi, na watengenezaji wa risasi za kijeshi huweka kikombe kigumu ili risasi isilipuke kabla ya wakati. Risasi ya namna hiyo ikitiwa kwenye bastola ndogo yenye springi iliyochoka, risasi ni nzima, bastola nayo huenda ni nzima kwa risasi nyingine, lakini ndoa yao haina heri.

Ndipo tunaposema kwamba swali la "nani mbovu" huwa limeulizwa vibaya tangu mwanzo. Bastola na risasi hupimwa pamoja.

Lipo jambo moja ambalo maafisa wengi hawalifikirii kabisa, nalo ni kuingiza na kutoa risasi ile ile chembani mara kwa mara. Mnamo 2011, afisa mmoja wa polisi katika jimbo la Georgia, Marekani, alifyatua bastola yake katika hali ya hatari na risasi ikagoma. Aliitoa haraka, akaingiza nyingine na kuendelea. Risasi hiyo haikutupwa. Ilipopelekwa kwa watengenezaji, ilibainika kwamba kemikali ya fataki ilikuwa imebanduka mahali pake kwa sababu ya kusukumwa chembani mara nyingi, angalau sita. Idara yake ilitoa tahadhari kwa maafisa wake wasiirudie risasi moja kila wanapoijaza na kuiondolea silaha risasi.

Kisa hicho kinatuhusu. Afisa wa polisi nchini huchukua silaha kutoka ghalani anapoanza zamu na kuirejesha anapomaliza. Ikiwa zoea lake ni kutia risasi chembani akitoka na kuiondoa akirudi, na ikiwa risasi ya juu ya magazini ni ile ile kila siku, basi katika wiki moja ameigonga mara saba. Na ndiyo itakayotangulia siku ya mkasa. Kuigonga huko kuna hatari nyingine pia: kichwa cha risasi kinaweza kusukumwa ndani ya ganda, nafasi ya baruti ikapungua na mgandamizo ukapanda kupita kiasi wakati wa kulipuka.

Je, mtu hutambuaje kosa liko wapi? Kabla ya uchunguzi wowote kuna usalama. Risasi ikigoma katika uwanja wa kulenga shabaha, mtutu haupaswi kuondoka uelekeo wa shabaha kwa muda wa sekunde 30 hivi, kwa kuwa kuna risasi zinazochelewa kulipuka. Risasi inayochelewa ikilipukia nje ya chemba, karibu na uso wa anayeichungulia, hurusha vipande vya ganda. Hatari kubwa zaidi ni ile ya risasi inayotoa mlio hafifu, kana kwamba mtu amepiga kofi chini ya blanketi. Huenda kichwa chake kimekwama katikati ya mtutu. Anayefyatua nyingine nyuma yake anaweza kuupasua mtutu mkononi mwake. Hapo shughuli husimama, silaha huondolewa risasi na kupelekwa kwa fundi mwenye leseni.

Usalama ukishahakikishwa, jicho la kwanza ni kwenye kitako cha risasi iliyogoma. Kibonyeo kirefu kilicho katikati kabisa huielekezea fataki kidole. Kibonyeo kifupi huielekezea silaha kidole, ingawa fataki isiyozama nayo inaweza kusababisha hali hiyo. Kibonyeo kilichokwenda upande hutia shaka juu ya namna kitelezi na mtutu vinavyofungana. Pasipo na alama yoyote, pini imevunjika, au imezuiwa, au kitelezi kilikuwa wazi kiasi kwamba mfumo wa usalama ulikataa kuiruhusu.

Lakini tahadhari. Wengi hulinganisha risasi iliyogoma na maganda ya zile zilizolipuka, wakaona tofauti na kukata shauri papo hapo. Mlinganisho huo una mtego. Risasi inapolipuka, mgandamizo huisukuma fataki nyuma dhidi ya pini na kuibadilisha sura, hivyo kibonyeo unachokiona kwenye ganda tupu si kile kilichochorwa na pini peke yake. Mlinganisho wa haki ni kati ya risasi iliyogoma katika silaha hii na iliyogoma katika silaha nyingine, au kwa vipimo vya fundi anayejua pini inapaswa kuchomoza kwa kiasi gani.

Jaribio la kuigonga tena risasi iliyogoma linapendwa sana, nalo hudanganya. Ikilipuka mara ya pili, wengi husema bastola ndiyo yenye kosa, pigo la kwanza lilikuwa dhaifu. Yaweza kuwa kweli. Lakini pia yawezekana kwamba pigo la kwanza liliikalisha fataki mahali pake na la pili likaikuta tayari. Matokeo ni yale yale, kosa ni la mwingine. Risasi isiyolipuka hata baada ya mapigo kadhaa katika silaha mbili tofauti ndiyo inayoweza kuitwa mbovu pasipo wasiwasi.

Bastola zenye nyundo hutoa kidokezo ambacho hakipatikani kwingineko. Katika bastola za aina ya CZ 75, ambazo Wakenya wamezizoea kwa jina la Ceska, risasi ya kwanza inaweza kufyatuliwa kwa mvuto mrefu unaoinua nyundo na kuiachilia, na zinazofuata kwa mvuto mfupi nyundo ikiwa tayari imeinuliwa. Katika mvuto mrefu, nyundo kwa kawaida huachiliwa kabla haijafika mbali kama inavyofika ikiwa imeinuliwa kikamilifu. Pigo lake ni pungufu kidogo. Basi ikiwa ni risasi ya kwanza tu inayogoma na zilizosalia zinalipuka bila shida, springi ya nyundo ndiyo ya kutazamwa kwanza. Ni kipande cha bei nafuu. Ajabu ni kwamba watu huweza kutupa sanduku zima la risasi kabla ya kukifikiria.

Baada ya hapo, huja mabadilishano: risasi za shehena ile ile katika bastola nyingine, na risasi za shehena nyingine katika bastola ile ile. Tatizo likiifuata risasi, ni la risasi. Likibaki kwenye bastola, ni la bastola. Likitokea tu wawili hao wanapokutana, tumerudi kwenye ile ndoa isiyo na heri.

Njia hii ni nzuri na ya haki, ila ina sharti moja ambalo hapa kwetu ni gumu kutimizwa. Inataka risasi nyingi.

Tuseme bastola fulani hugomesha risasi moja katika kila 50. Hiyo ni kasoro kubwa kwa silaha ya kulinda uhai. Fundi akiijaribu kwa risasi 10, uwezekano kwamba zote zitalipuka na bastola itangazwe nzima ni karibu asilimia 82. Akiijaribu kwa 50, bado ina zaidi ya nafasi moja kati ya tatu ya kuponyoka. Ni hadi afyatue 150 bila mgomo hata mmoja ndipo uwezekano wa bastola yenye kasoro hiyo kupenya unaposhuka chini ya asilimia 5. Hesabu hizi hazihitaji utaalamu wa silaha, ni za uwezekano wanazofunzwa wanafunzi wa shule za upili.

Sasa mweke raia mwenye leseni kwenye mizani hiyo. Cheti anachopewa chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, hutaja kiasi cha risasi anachoruhusiwa. Hatupingi udhibiti huo. Nchi iliyozikia mamia ya watu kwa sababu ya wizi wa mifugo na ujambazi ina kila sababu ya kuhesabu risasi zake. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba mtu huyo huzikumbatia risasi chache alizo nazo kama dhahabu. Hazifyatui. Huziacha kwenye magazini mwaka baada ya mwaka, katika jasho na joto la gari lililoegeshwa juani, na anaamini ana ulinzi kwa kuwa kiuno chake ni kizito.

Desemba 2018, Fred Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, aliamuru wote wenye leseni za bunduki wapigwe msasa upya katika muda wa siku 90. Mjadala wa umma wakati huo ulimhusu zaidi mwenye silaha: tabia yake, akili zake, na kama cheti chake ni halali. Ulikuwa mjadala wa lazima. Ila bastola isiyoaminika haiwi salama kwa kuwa iko mikononi mwa mtu mwaminifu, na risasi inayoweza kuchelewa kulipuka ni hatari kwa mwenyewe, kwa familia yake na kwa anayepita.

Kwa upande wa polisi, tatizo limejificha ndani ya kitabu. Risasi hutolewa kwa hesabu na kurudishwa kwa hesabu. Afisa aliyepewa 15 akirudisha 15, kitabu kimetulia. Kama moja kati ya hizo ilipigwa na pini na kugoma, hesabu haibadiliki. Risasi hiyo inaweza kurudi kwenye rundo na kesho ikamfikia afisa mwingine asiyejua historia yake. Tena tazama upande wa pili: afisa aliyeichomoa risasi iliyogoma katikati ya purukushani, ikaanguka mtaroni, atarudi na 14 na maelezo ya kutoa. Utaratibu unaompa mtu sababu ya kunyamaza hauwezi kuleta habari.

Sheria nayo ina pengo linalostahili kutazamwa. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 linamtaka afisa aripoti matumizi yoyote ya bunduki kwa mkubwa wake, hata pasipo aliyejeruhiwa. Je, kuvuta kifyatuo na risasi ikagoma ni matumizi? Kwa maoni yetu, ni matumizi, kwa kuwa uamuzi wa kufyatua ulikwisha kufanywa na ni bahati tu, njema au mbaya, iliyozuia matokeo. Maneno yaliyo wazi zaidi kwenye kanuni za vituo yangemwondolea shaka afisa, na yangeisaidia pia Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi (IPOA) inapochunguza kilichotukia. Kibonyeo kwenye fataki, hata cha risasi isiyolipuka, kinaweza kuwasaidia wataalamu kutambua silaha iliyokichora.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo madogo, kwamba wakubwa wa silaha wanajua wafanyalo. Historia haiwatetei sana wakubwa hao. Mnamo Julai 24, 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia, nyambizi ya Marekani iitwayo Tinosa ilirusha torpedo moja baada ya nyingine kwenye Tonan Maru Na. 3, meli kubwa ya Wajapani iliyokuwa imekwama majini katika Bahari ya Pasifiki. Zilizidi kugonga bila kulipuka. Nahodha Lawrence Daspit alifanya jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya: hakuirusha ya mwisho. Aliirudisha Pearl Harbor ichunguzwe.

Kabla ya hapo, idara iliyobuni torpedo hizo, za aina ya Mark 14, ilikuwa imezoea kuwalaumu wanamaji kwamba hawajui kulenga wala kutunza vifaa. Majaribio yalifanywa kwa kuzirusha kwenye majabali ya kisiwa cha Kahoolawe, Hawaii, na kwa kuviangusha vichwa vyake kutoka juu ya kreni. Ikabainika kwamba pigo la moja kwa moja liliharibu mtambo wa pini kabla pini haijaifikia fataki kwa nguvu ya kutosha, ilhali pigo la kupara upande lililipua. Kwa maneno mengine, mwanamaji aliyelenga vizuri zaidi ndiye aliyeambulia patupu, na ndiye aliyekuwa akikaripiwa.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Ushahidi ulikuwa ukizama baharini siku zote hizo.

Ushahidi wetu hauzami. Umeandikwa kwenye kitako cha ganda. Viwanda vingi vya risasi za kijeshi hupiga hapo alama ya kiwanda na mwaka, na ni alama kama hizo zilizowawezesha watafiti wa shirika la Small Arms Survey, katika ripoti ya 2008 kuhusu Turkana Kaskazini, kueleza kwamba takriban nusu ya risasi haramu zilizokuwa zikizunguka huko zilitoka kwa polisi wa Kenya. Ripoti hiyo iliumiza, lakini ilitufunza kwamba ganda linaweza kuulizwa lilikotoka na likajibu. Ikiwa ganda lililookotwa katika mbuga za Turkana linaweza kufuatiliwa, risasi iliyogoma kituoni itashindwaje?

Kinachokosekana kwenye ganda kwa kawaida ni nambari ya shehena, ambayo huandikwa kwenye sanduku. Risasi zikishamiminwa kutoka masanduku mbalimbali kwenye droo moja, nambari hiyo imepotea na hakuna kiwanda kitakachoweza kuambiwa ni siku gani mashine yake ilipachika fataki vibaya. Kulihifadhi sanduku, au kuinakili nambari yake katika kitabu cha ghala, ni kazi ya dakika moja. Ndiyo itakayoamua kama shehena nzima iondolewe vituoni au bastola moja ipelekwe kwa fundi.

Gharama ya kurekebisha haya si kubwa. Risasi iliyogoma itiwe ndani ya bahasha. Juu yake yaandikwe aina na nambari ya bastola, nambari ya shehena, tarehe, kama ilikuwa risasi ya kwanza au ya katikati, imewahi kutiwa chembani mara ngapi, na silaha ilisafishwa lini. Afisa aandikiwe kwamba ameileta, asiulizwe kana kwamba ameiharibu. Risasi za kubebea kazini zibadilishwe baada ya muda uliowekwa, na zile kuukuu zifyatuliwe katika mazoezi, ambako pia ndiko zitakakohesabiwa zilizogoma. Raia mwenye leseni naye apewe nafasi ya kufyatua risasi za kutosha katika uwanja ulioidhinishwa, chini ya msimamizi, zikihesabiwa hapo hapo bila kugusa kiasi kilichotajwa kwenye cheti chake.

Na kitabu cha ghala kiongezewe safu moja. Afisa aliyepewa risasi 15 akirudi na 15, mojawapo ikiwa na kibonyeo kitakoni, kisisome 15 tena. Kisome 14 na 1.